Mashine Iliyofundishwa Saa ya Kiswahili

Asubuhi niliyoondoka Lusewa sikuwa nimeaga mtu wala kuchagua njia. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara nikipiga mswaki, lori la tumbaku likasimama kuongeza maji kwenye rejeta, nikamuuliza utingo wanakwenda wapi. Akasema Songea. Angesema Masasi, ningekwenda Masasi. Nikaingia ndani, nikachukua bisibisi zangu na shati la pili, nikapanda juu ya marobota. Mswaki bado ulikuwa mdomoni.

Ninaanzia hapo kwa sababu nyinyi vijana mnaokuja kuniuliza mambo ya kompyuta huwa mnadhani niliyasomea. Shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa, wala sikuwa mjinga. Nilikuwa siwezi kukaa mahali. Kitu chochote chenye kifuniko nilitaka kukifunua. Nimelisha moto mabani ya kukaushia tumbaku, nimetengeneza baiskeli, nimefungua redio nyingi na kufunga baadhi yake. Hayo ndiyo masomo yangu.

Songea nilishushwa mtaa wa Majengo, nikatembea tu nikiangalia maduka. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikuwa anatoboa dirisha la kuuzia kitu. Mbele ya chumba kimoja nikamkuta mzee amechutama, ameweka ncha ya waya wa simu kwenye ulimi, macho ameyafumba.

"Shikamoo mzee. Unaonja nini?"

"Marahaba. Naonja kama Dar es Salaam wameamka."

Huyo ndiye Mzee Haule, Mmatengo wa Mbinga, fundi simu mstaafu. Alikuwa na uwezo wa kujua kwa ulimi kama laini ina uhai. Msimuige. Nikachutama naye, nikauliza kwa nini waya una uchungu, na mpaka leo nadhani ni swali hilo lililonipa kazi. Mtu mwingine angeuliza mshahara.

Chumba chake kilikuwa cha kutuma barua kwa kompyuta. Nyinyi mnatuma ujumbe mkiwa mmelala kitandani, kwa hiyo hapa nieleze taratibu. Mteja alikuja na barua yake kwenye karatasi, au aliisema kwa mdomo, na Zuhura akaipiga kwenye mashine. Ikifika saa nne asubuhi, muda ambao wenzetu wa Dar walitupangia, Zuhura aliiambia mashine ipige simu. Modemu, kile kisanduku kinachounganisha mashine na waya wa simu, ililia kama mbuzi aliyekanyagwa, ya Dar ikaijibu, kisha zikabadilishana mafurushi ya barua: zetu zikaenda, za kuja Songea zikaja. Baada ya hapo ilikuwa basi mpaka kesho, maana mchana laini ya Dar kuipata ilikuwa bahati.

Mashine yenyewe aliiacha Mholanzi mmoja aliyekuwa akifundisha ufundi, mkataba wake ukaisha akaenda zake. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo kuliko ya simu ya tochi. Lakini ndani Mholanzi alikuwa ameweka Linux, programu ya kuiendesha mashine, toleo la zamani sana, na Linux ilikuwa haidharau chombo kidogo. Ilikuwa kioo cheusi chenye maandishi meupe, basi. Hakuna picha, hakuna pa kubofya. Unaandika neno, inafanya. Unakosea herufi, inakunyamazia au inakusuta kwa Kiingereza. Mimi niliipenda siku ile ile. Ilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu chenye vifuniko visivyokwisha: ukifunua hiki, chini yake kipo kingine, na mwenye kukitengeneza ameacha maelezo humo humo ndani, kwa mtu yeyote mwenye subira na kamusi.

Kamusi ilikuwa ya Zuhura. Alikuwa msichana wa Tunduru, Myao, amemaliza kidato cha nne. Vidole vyake kwenye kibodi vilikuwa kama vya mtu anayepeta mchele. Mimi aliniita Lusewa, hakuwahi kuniita jina langu. "Lusewa, usiifungue hiyo, inafanya kazi." "Lusewa, leo umeoga?" Mzee Haule naye alikuwa akimtania kwamba Wayao wakipewa safari hawaulizi kurudi, na yeye alimjibu kwamba Wamatengo wakipewa mlima hawaulizi kushuka.

Zuhura alikuwa anasubiri barua. Alikuwa ameomba nafasi chuo kimoja cha Afrika Kusini, masomo ya kutunza kumbukumbu za maktaba kwa kompyuta, na gharama zote wangebeba wao. Walimwandikia kwamba jibu litakuja kwa njia ile ile ya mashine, na akikubaliwa lazima athibitishe kabla muhula haujafunguliwa, la sivyo nafasi inapewa mwingine. Kila siku saa nne alikuwa anavuta kiti karibu zaidi.

Hapo ndipo mashine ilipoanza kuugua.

Ilikuwa nzima kuanzia asubuhi. Inawaka vizuri, Zuhura anapiga barua, wateja wamejaa benchi: walimu waliohamishwa kutoka Kagera na Tanga, wafanyabiashara, mama mmoja mwenye mtoto Moscow. Saa nne inafika, modemu inalia, Dar inaitika, furushi linaanza kuja. Mara mashine inazubaa. Unabonyeza herufi, inatokea baada ya wewe kuisahau. Herufi zinazokuja kwenye waya zinapotea njiani, Dar inachoka, laini inakatika. Ukipiga tena, unaanza furushi mwanzo, na linakatika pale pale. Baadaye kidogo inakuwa nzima kabisa, inakutazama kama haijafanya kitu, na laini ya Dar imeshaondoka.

Mfanyabiashara mmoja wa tumbaku alikuwa na maelezo yake. "Saa nne ni saa ya chai," alisema. "Ofisi zote za serikali watu hawapo mezani. Na hii nayo imeajiriwa." Benchi zima likacheka, na tangu siku hiyo watu wakawa wanauliza mlangoni: imeshatoka chai?

Sisi hatukucheka sana. Mzee Haule alilaumu nguzo. Pamoja na miguu yake mibovu alifuata waya mpaka nje ya mji, akakaza viungio, akaonja. Waya ulikuwa mzima. Nikalaumu umeme, kwa sababu umeme wa Songea ulikuwa wa jenereta na ulipanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi. Tukapima, haukuwa umeme. Tukabadilisha kebo ya modemu. Siku moja mimi nilibadilisha kebo, tundu la nyuma na mipangilio ya modemu, vyote pamoja, na Mzee akanikalisha chini.

"Bwana mdogo, ikipona leo utajua imeponywa na nini?"

Nikasema sitajua.

"Basi hujatengeneza. Umebahatisha."

Hilo lichukueni. Badilisha kitu kimoja, tazama, kisha ndipo uguse kingine. Na kabla ya kugusa, sikiliza. Mzee alikuwa akisema usimtie mgonjwa sindano kabla hujamjulia hali. Mimi nilisikiliza, nikagundua kitu kimoja: kila saa nne diski ya ndani ilikuwa inaparura, kama kuku wengi kwenye majani makavu, na taa yake nyekundu haizimiki. Nilikuwa nimekisikia, lakini kukisikia na kukielewa ni mambo mawili. Nilidhani ni modemu inayoitesa.

Kisha kijana mmoja wa Dar aliyekuwa akisimamia mashine ya upande wao alipiga simu ya kawaida. Akamwambia Mzee kwamba furushi la Songea limekuwa kubwa, halijachukuliwa muda mrefu, na kwa kanuni zao barua zisizochukuliwa zinarudishwa kwa walioziandika. Alitupa mpaka Ijumaa.

Zuhura alikuwa amesimama pale pale. Alichukua kitambaa akaanza kufuta kibodi, kitufe kimoja kimoja.

Mimi nikaamua kuipandisha daraja mashine. Nilikuwa na disketi zilizotoka Dar, zimefungwa ndani ya khanga ili vumbi la barabara lisiziingie, zenye kiini kipya cha Linux. Kiini ndiyo ile sehemu inayozungumza na vyuma, na maelezo yalisema kiini kipya kina masikio mazuri zaidi upande wa modemu. Siku zile kiini hukukipata tayari. Ulipewa maandishi yake, ukajibu maswali mengi kuhusu mashine yako, kisha ukaiamuru ijipike yenyewe, yaani iyageuze maandishi yale kuwa kiini. Kwa mashine yetu kujipika kulichukua siku nzima. Na fahamuni hili: kiini cha zamani nilikiacha palepale, ili kipya kikikataa kuamka niweze kurudi. Usibomoe nyumba ya udongo kabla hujalala kwenye ya matofali.

Alhamisi asubuhi, kwa kuwa Zuhura alikuwa na wateja, majibu ya yale maswali niliyaandika kwenye kompyuta ya stationeri ya jirani. Nikayafunga kwenye disketi, nikarudi nayo. Saa nne ilipokaribia, na Zuhura akijiandaa kupiga simu, nikaiambia mashine ianze kujipika, walau nione kama imekubali.

Ikanisuta. Nikachukua kamusi. Nilisoma mara mbili, nikadhani Kiingereza changu ndicho kibovu. Ilikuwa inasema faili langu limeandikwa wakati ambao bado haujafika.

"Zuhura," nikamwambia, "hii mashine inasema mimi natoka kesho."

"Kesho ya hapa au ya Lusewa? Maana ya Lusewa inachelewa."

Benchi likacheka. Mimi nikaiuliza mashine saa ngapi. Ikajibu sifuri nne na sifuri moja. Na wakati natazama tarakimu zile, diski ikaanza kuparura.

"Mbona iko sawa," Zuhura akasema, akiinama begani kwangu. "Saa nne hiyo. Naitegesha mwenyewe kila asubuhi."

Nieleze, maana nyinyi simu zenu zinajitegesha. Betri ndogo ya ndani ya mashine ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila ikizimwa usiku ilisahau wakati, na asubuhi ilihitaji kuambiwa. Zamani Mzee Haule ndiye aliyeiambia, na mafundi simu wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane, kama mashine. Lakini miguu ilipoanza kumsumbua akawa anachelewa kuja, akamwambia Zuhura: ukiwasha, andika tarehe na saa. Zuhura alikuwa anafungua saa mbili asubuhi. Akaandika mbili. Angeandika nini? Kwao Tunduru, saa ya ukutani ya babu yake ilitegeshwa hivyo hivyo: mshale ukielekea mbili ni saa mbili, ukielekea sita ni adhuhuri. Alijua kuwa saa za watu wengine zinaelekea nane na wao wanatamka mbili. Babu yake aliwaonea huruma.

Na sisi wote tulikuwa tunapita mbele ya kioo kile tukisoma saa yetu. Walimu walisoma, wafanyabiashara walisoma, mimi nilisoma. Ilikuwa sahihi kwa kila mtu chumbani isipokuwa mashine.

Kwa mashine, ilikuwa saa kumi alfajiri. Kompyuta ya jirani ilikuwa na saa ya kizungu, ndiyo maana faili langu lilionekana limetoka wakati ujao. Na waliotengeneza Linux ile waliipangia ifanye usafi saa hiyo, wakati watu wamelala: ipite kila chumba cha diski, iorodheshe kila kitu, ifagie. Kwetu alfajiri ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hatukuwahi hata kujua kwamba ina tabia hiyo. Sasa ilikuwa inashika ufagio kila siku wageni wakiwa wamejaa sebuleni na simu iko sikioni.

Niliwaeleza. Zuhura aliweka mkono mdomoni.

"Kwa hiyo nimeifundisha Kiswahili," akasema.

"Umeifundisha," Mzee Haule akajibu kutoka mlangoni, ndiyo kwanza anafika na fimbo yake. "Ila hukuiambia kuwa Mswahili siku yake inaanza jua likichomoza."

Naomba mnielewe hapa. Nilikuwa nimeketi mbele ya kibodi, na nilijua kilichopo ndani ya furushi la Dar, au nilidhani najua. Nilijua pia kwamba chumba kile, na benchi, na ile sauti inayoniita Lusewa, vilikuwa mahali pekee ambapo miguu yangu haikuniwasha kutaka kuondoka. Mkono wangu haukusita, maana mashine mbovu mbele yangu sijawahi kuivumilia. Lakini moyo ulijua unachofanya mkono.

Nikasimamisha usafi. Nikaiandikia mashine saa kumi ya kweli ya kizungu, yaani saa nne yetu. Kuku wakanyamaza. Taa nyekundu ikazimika.

"Piga," nikamwambia Zuhura.

Akapiga. Modemu ikalia, Dar ikaitika, furushi likaanza kuteremka. Lilipita pale lilipokuwa likikatika kila siku, likaendelea. Lilichukua muda mrefu hata mama wa Moscow akaanza kusali kwa sauti ndogo. Lilipokwisha, Zuhura alifungua majina moja moja, akigawa barua za watu kwanza, mpaka akafika kwa la kwake.

Alisoma. Akatoka nje. Tukamwona kupitia dirisha amesimama akitazama barabara kama mtu aliyesahau alichotumwa. Akarudi, akaketi, akamgeukia mwalimu wa Tanga ambaye barua yake ilikuwa imeishia katikati. "Tulifika wapi, mwalimu? Ulisema mbuzi wasiuzwe."

Baada ya mwalimu kuondoka ndipo akasema, bila kututazama, "Nimepata."

"Wewe umepata," Mzee akasema. "Sisi tumepotelewa." Na akacheka, lakini alijipangusa macho.

Jumamosi tulifunga mlango kwa wateja, tukaipika mashine. Kwa kweli haikuwa lazima tena, ugonjwa ulishakwisha, na kama tungekipandisha kiini bila kujua kisa, ugonjwa ungehamia nasi nyumba mpya. Lakini disketi zilikuwepo, na mimi na Zuhura tulitaka kuona. Tulikaa tangu asubuhi tukitazama mistari ikipanda kiooni, mmoja baada ya mwingine, hakuna cha kufanya ila kungoja. Alileta mihogo ya kuchemsha na dagaa wa Nyasa. Nilimfundisha kusoma mistari ile, yeye akanisahihisha matamshi. Aliniuliza mbona sijaoa, nikasema sijakaa mahali. Akasema, "Hapa umekaa." Nikatazama kioo. Mistari ilikuwa inapanda.

Mmetengeneza mashine kubwa nyinyi, zinazojipika kabla hujameza mate. Mimi nikipewa siku moja ya kurudia maishani, sitaki nyingine. Nipeni Jumamosi ile, na mashine ile ile ya polepole.

Kiini kipya kiliamka mara ya kwanza kilipowashwa. Tuliiuliza saa ngapi, ikajibu kumi na saba. Zuhura akasema kwa huzuni ya utani kwamba sasa imekuwa Mzungu.

Aliondoka kwa basi la alfajiri. Aliandika mara kwa mara mwanzoni, na kila barua ilikuja na saa iliyopigwa juu yake na mashine za kule, na chini yake yeye aliongeza mwenyewe: ya kwetu ni saa tatu, ya kwetu ni saa moja. Kisha akawa anasahau kuongeza. Kisha ikawa salamu za Idi. Alipata kazi huko huko, akaolewa huko huko. Alifanya vizuri, na alistahili.

Kabla ya hapo wengine walikuwa wameshafungua vyumba Majengo vyenye kompyuta za rangi, mtu anajisomea barua zake mwenyewe bila kumwona karani. Benchi letu likawa tupu. Mzee Haule alirudi Mbinga kwenye kahawa yake, mashine akaniachia mimi. Niliiwasha kila siku, nikaitegesha saa, na ikifika saa nne nikapiga Dar, hata kama furushi lilikuwa tupu pande zote.

Halafu ikaja asubuhi nyingine kama ile ya Lusewa. Nilikuwa mlangoni napiga mswaki, lori likasimama, nikamuuliza utingo wanakwenda wapi.

"Tunduru," akasema.

Naapa sikuwa nimepanga. Barabara ya Tunduru siku zile haikuwa barabara. Ilikuwa ugomvi kati ya lori na matope. Tulifika siku ya pili, jua limelegea. Saa yangu ya mkono ilionyesha tano, saa kumi na moja jioni. Sikuwa na mtu wa kumtafuta pale, na sikuuliza nyumba ya yeyote. Nilifuata kibao kilichoandikwa kwa chaki, gesti, nikabisha hodi, akatoka mama wa makamo mwenye baibui. Akaniambia chumba kipo, maji ya kuoga yapo, nivue viatu vya matope.

Ukutani juu ya meza yake palikuwa na saa ya zamani, ya kutia ufunguo. Mishale yake ilionyesha kumi na moja kamili.

Nilisimama nikiitazama, tope likinidondoka. Bisibisi zilikuwa mfukoni. Mama akafuata macho yangu.

"Wageni wengi husema mbovu," akasema. "Wengine hutaka kunirekebishia."

"Iko sawa, mama," nikamwambia.

Akanipa ufunguo wa chumba, akaniuliza asubuhi aniamshe saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili, kwa saa hiyo hiyo ya ukutani. Kisha nikavua viatu, nikaingia.